Kofia Iliyotoa Jasho

Apollonia aliigundua asubuhi, kabla baba yake hajawasha tanuri. Kofia ya chuma ya marehemu Bwana Degenhart ilikuwa imetoa jasho.

Ilikuwa juu ya kichwa cha mbao cha kuwekea kofia, karibu na dirisha, imefungwa, vilevile alivyoiacha jana baada ya kuishonea bitana mpya. Chuma chote kilikuwa kikavu, kinang'aa. Lakini upande wa kulia wa mdomo, kwenye vile vitundu vidogo vya kupumulia, palikuwa na ukungu, kama ule unaobaki mtu akipumulia kioo. Aliufuta kwa aproni yake. Akaenda kukata mkate mweusi na figili kwa ajili ya kifungua kinywa, akarudi. Ukungu ulikuwa palepale.

"Ni baridi tu," alijiambia.

Lakini mle karakanani kulikuwa na kofia nyingine nne, na mabamba ya kifua sita, na vyote vilikuwa vikavu. Aliinama akanusa. Vitundu vilinuka matope ya mtaroni, na juu ya matope, harufu ya kisibiti, zile mbegu ambazo watu wakubwa hutafuna ili kinywa kinukie vizuri. Akainua kifuniko cha uso. Kilipanda kwa uzito, kama mlango ambao mtu ameuegemea kwa upande wa pili. Ndani hamkuwa na kitu. Bitana tu, nyeupe, safi, kazi ya mikono yake mwenyewe.

Alikifunga haraka. Hakumwambia mtu.

Kulikuwa na sababu ya kutomwambia mtu, na sababu yenyewe ilikuwa ndani ya ile bitana.

Bwana Degenhart alikufa mwezi wa pili. Farasi wake aliteleza kwenye mtaro wa kinamasi, akamwangukia, na komeo la kofia likapinda. Watu wake walimtoa akiwa hai. Walimlaza kwenye majani na kugonga kofia kwa mawe na kwa vipini vya panga ili ifunguke, naye akawa analia humo ndani, fungueni, fungueni, nao wanagonga, mpaka akanyamaza. Ilipofunguka walikuwa wamechelewa. Sasa mjane wake, Bibi Sibylla, alitaka kofia hiyo irekebishwe ili mwanawe aivae kwenye mashindano ya mikuki juu ya farasi, sikukuu ya Mtakatifu Georgi. Hilo halikuwa jambo la ajabu. Kofia nzuri hurithiwa.

Ila mtaa ule wa wafua chuma ulikuwa na desturi yake. Mtu akifia ndani ya kofia, chuma hunyooshwa na kung'arishwa, lakini bitana huchomwa siku ileile, yote, kitambaa pamoja na kilichojazwa ndani, na anayeichoma ni yuleyule aliyeitoa. "Chuma hakinywi," baba yake, Fundi Lienhart, alikuwa akisema. "Bitana inakunywa. Inakunywa jasho, inakunywa damu, inakunywa na pumzi."

Tangu mama yake alipofariki, kazi ya bitana ilikuwa ya Apollonia. Aliitoa ile ya zamani, akachoma kitambaa uani. Kisha akazishika singa za farasi zilizokuwa zimejazwa ndani, na mkono wake ukasita. Zilikuwa nyeupe, ndefu, laini kuliko chochote alichowahi kushona. Bwana Degenhart alikuwa amekata shungi la farasi wake mwenyewe. Na karakana nzima ilikuwa imebakiwa na singa za kahawia zilizokatikakatika, zile zinazochoma mashavu mpaka vijana wa kibwana wanalalamika. Apollonia alizichemsha zile nyeupe mara mbili kwa maji ya majivu, akazianika darini. Akazijaza tena kwenye bitana mpya ya kofia ileile.

"Umechoma?" baba yake alimuuliza jioni ile.

"Nimechoma."

Kitambaa kilikuwa kimechomeka. Alijiambia kwamba huo haukuwa uongo mzima.

Adhuhuri siku hiyo, kaka yake Veit aliitwa uani kupimisha. Veit alikuwa na miaka ishirini na kichwa kikubwa cha mviringo, na kichwa hicho kilikuwa sawasawa na cha kijana wa Bibi Sibylla, baba yao alishapima kwa uzi. Kwa hiyo kabla kofia haijaenda kwa mwenyewe, Veit alilazimika kuivaa, kutembea nayo, kuinama na kupanda farasi wa mbao, ili ijulikane inabana wapi.

"Leo nimekuwa bwana mkubwa," Veit alisema akijifunga kamba kifuani. "Haya, niinamieni."

"Inama wewe, kichwa cha maboga," Apollonia alimjibu, lakini sauti yake haikuwa na mzaha.

Jirani yao Utz, mchonga tupa, alichungulia juu ya ua akiwa na kikombe cha bia. "Fundi Lienhart! Huyo mfungie humohumo mpaka siku ya harusi yake. Bibi harusi asije akaiona sura akaghairi!"

"Wewe yako ingefungiwa tangu ubatizo," Veit alimrudishia, na Utz akacheka mpaka bia ikamwagika.

Apollonia alisogea kwa baba yake. "Baba, tungesubiri kidogo. Imeshika unyevu."

"Unyevu gani? Kesho wanaijia."

"Asubuhi nimeona…"

"Umeona nini, Loni?"

Alikuwa na nafasi ya kusema. Baba yake alikuwa amesimama anamtazama, koleo mkononi, anasubiri jibu kwa upole. Apollonia alitazama chini. "Hakuna kitu."

Baba akamvisha Veit kofia. Akafunga mabamba mawili ya mashavu yakakutana chini ya kidevu, komeo likaingia. Akashusha kifuniko cha uso. *Ka.* Uso wa Veit ukatoweka, ukabaki mpasuo mwembamba wa macho na vile vitundu.

"Unaona?"

"Naona mlango, na pua ya Utz." Sauti ilitoka kama ya mtu aliye kisimani. Veit akatembea mpaka kisimani na kurudi, akageuza shingo kulia, kushoto, akapanda farasi wa mbao na kuinama mbele kama anayeshika mkuki. Baba alimzunguka akitikisa kichwa kwa kuridhika.

"Loni," Veit alisema, "acha kunipulizia."

"Sijakupulizia. Niko huku."

"Kuna mtu ananipulizia shavuni." Akacheka kidogo, halafu kicheko kikakatika. "Nani amekula kisibiti?"

Utz aliinua kikombe chake. "Mimi nimekula figili tu, bwana."

"Baba, fungua."

Fundi Lienhart alibonyeza komeo kwa kidole gumba. Liliingia vizuri na kutoka vizuri, kama alivyolitengeneza. Akainua kifuniko cha uso. Hakikupanda. Akabonyeza tena, akavuta kwa mikono miwili. Chuma hakikuwa kimepinda wala kukwama popote, macho yake ya fundi yaliona hivyo, lakini hakikupanda.

"Tulia, mwanangu. Nitatoa misumari ya bawaba." Akachukua nyundo na patasi. Akagonga mara moja.

Mlio uliotoka ndani ya kofia haukuwa wa Veit.

"Msigonge," ilisema sauti hiyo, ya mtu mzima, nzito, imejaa maji. "Mnagonga tu. Mnagonga, hamfungui."

Kikombe cha Utz kilianguka upande wa pili wa ua.

Veit alishuka kwenye farasi wa mbao akapepesuka, mikono yake ikipapasa kidevu, mashavu, utosi, ikitafuta mlango kwenye kitu kisichokuwa na mlango, na jua la adhuhuri lilikuwa limesimama juu ya ua, kuku wanachakura, kengele ya Mtakatifu Martin inalia taratibu kama siku nyingine yoyote, ila kwake yeye humo ndani ilikuwa giza, alisema ni giza, alisema jua limezimwa na kuna shavu la mtu mwingine limebanwa kwenye shavu lake, lina baridi, lina ndevu, na mdomo wa mtu huyo uko wazi kando ya mdomo wake. "Baba," alisema kwa sauti yake mwenyewe, ndogo, kama alivyokuwa akiita alipokuwa mtoto. "Anavuta hewa yangu. Kila nikivuta, yeye ameshavuta."

Na ilikuwa kweli. Apollonia aliusikia upumuaji kwenye vitundu. Mmoja mfupi, wa haraka. Halafu mwingine nyuma yake, mrefu, wa kukoroma, usiokuwa na haraka yoyote.

"Utz!" baba alipiga kelele. "Mwite Mama Walburga! Padri yuko ng'ambo ya mto kwenye maziko, mwite Mama Walburga!"

Mama Walburga alikuwa mwosha maiti wa mtaa. Alikaa nyumba ya tatu kutoka pale, na Utz alirudi naye akimvuta mkono, mwanamke mfupi, mnene, anayenuka siki. Hakuuliza maswali. Alimlaza Veit chali kwenye benchi, akaweka sikio lake karibu na kofia, mbali kidogo na vitundu, akasikiliza.

"Namjua huyu," alisema. "Nilimwosha. Vidole vyake vilikuwa vimevunjika kucha zote."

"Amekufa miezi miwili!" baba alisema. "Anataka nini kwa mwanangu?"

"Hajui kama amekufa, Lienhart. Alikufa kabla haijafunguliwa. Kwake yeye bado haijafunguliwa. Na isipofunguliwa kwake, haitafunguliwa kwa Veit." Akainuka. "Ila angetoka na moshi wa bitana. Wote hutoka na moshi. Nani aliichoma bitana?"

Pumzi fupi. Pumzi ndefu.

"Mimi," Apollonia alisema.

"Ulichoma yote?"

Miguu ya Veit ilikuwa inakwaruza benchi. Apollonia aliitazama ile miguu. "Nilichoma kitambaa," alisema. "Singa nimezirudisha. Zimo humo. Zilikuwa nzuri, nilizichemsha, nilidhani…"

Baba yake alimtazama. Hakumpiga, hakumtukana. Alimtazama tu, kama mtu aliyefungua mlango wa nyumba yake akakuta ukuta. Apollonia angetamani apigwe.

"Mkono uliozitia ndio utakaozitoa," Mama Walburga alisema. "Lete sindano yako ya ndoana. Lete na makaa. Utazitoa kupitia hivyo vitundu, zote, na kila unachotoa kinaingia motoni. Sikiliza, binti." Akamshika kidevu. "Mdomo wako ukae mbali. Vuta kwa mkono tu. Mtu aliyefungiwa muda mrefu namna hii, akiona mlango wowote uko wazi, anaingia."

Apollonia alipiga magoti kando ya benchi. Kila kitundu kilikuwa kama punje ya shayiri. Aliingiza ndoana, akaisikia ikipasua kitani alichokishona kwa siku mbili, akazungusha, akavuta. Singa moja nyeupe ikatoka, ndefu, imelowa, ingawa alizikausha mwenyewe darini. Akaiweka kwenye makaa. Haikuwaka kama singa. Ilitoa sauti kama mtu anayeshusha pumzi.

Akavuta nyingine. Na nyingine.

"Wewe nani?" sauti nzito iliuliza, karibu kabisa na vidole vyake. "Ni Jobst? Jobst, nitoe. Nimekulisha miaka tisa, nitoe."

"Usimjibu," alisema Mama Walburga.

"Loni," alisema Veit. "Loni, fanya haraka."

Alifanya haraka. Alivuta mbili mbili, tatu tatu, moshi mweupe ukajaa ua, na kadiri singa zilivyopungua ndivyo pumzi ndefu ilivyofifia, lakini pumzi fupi nayo ilififia, na hakujua ipi itaisha kwanza, na mikono yake ilikuwa inateleza kwa ule unyevu uliokuwa ukitoka kwenye vitundu sasa kama machozi, na baba yake alikuwa ameshika miguu ya Veit akimwambia kuhusu harusi, kuhusu pipa la bia alilolificha nyuma ya kuni, kuhusu upuuzi wowote uliomjia mdomoni, ili tu kijana asikie sauti ya mtu aliye hai, na Apollonia aliingiza ndoana kwenye kitundu cha mwisho, akakamata fundo la mwisho, akavuta, na ndoana ikakatika.

Fundo lilikuwa limetokeza nje kidogo, kama ncha ya ulimi. Alilishika kwa kucha, likateleza. Akalishika tena, likateleza.

Mikono ya Veit ilianguka pembeni mwa benchi.

Pumzi fupi haikusikika tena.

Mama Walburga alikuwa amewageuzia mgongo, anachochea makaa. Apollonia hakufikiri. Aliinama, akaweka mdomo wake kwenye vitundu, akalikamata fundo kwa meno, akavuta kwa shingo yake yote.

Lilitoka. Kitu cha baridi kilipita juu ya ulimi wake, chenye ladha ya matope na kisibiti, kikashuka kama maji yanavyoshuka kwa mtu mwenye kiu. Akalitema fundo kwenye moto.

*Ka.* Kifuniko cha uso kilipanda chenyewe.

Veit alikuwa na rangi ya risasi, midomo imekauka. Halafu kifua kikainuka, akavuta hewa kwa mlio mkubwa, akakohoa, akaanza kulia kwa sauti. Baba yake alimng'oa kofia akaitupa kisimani, akamkumbatia, na Utz kando yao akawa analia pia na kujifuta machozi kwa kofia yake ya kitambaa.

Mama Walburga alikuja akasimama mbele ya Apollonia. "Ulitumia mdomo?"

Apollonia alitazama mgongo wa baba yake, uliokuwa unatikisika. Alishaungama mara moja leo. Alikumbuka yale macho.

"Hapana, mama," alisema.

Kofia ilitolewa kisimani, ikashonewa bitana ya singa za kahawia. Kijana wa Bibi Sibylla aliivaa siku ya Mtakatifu Georgi, akaangushwa mara mbili, akarudi nyumbani na jino moja pungufu na majigambo mengi. Veit alioa baada ya Pentekoste. Alikataa kupima kofia tena, na baba hakumlazimisha. Kwa Apollonia, baba hakutaja jambo lile hata siku moja. Siku ya harusi alimkatia yeye kipande cha kwanza cha mkate, naye akajua amesamehewa.

Ilikuwa siku chache baada ya hapo, adhuhuri, milango yote ya karakana iko wazi kwa sababu ya joto. Apollonia alikuwa amekaa dirishani na kofia mpya mapajani, imeng'arishwa mpaka inaonyesha uso kama kioo. Alikuwa anatunga uzi kwenye sindano. Kila mshonaji hubana pumzi anapotunga uzi, na yeye alibana ya kwake, mdomo umefungwa, macho kwenye tundu la sindano.

Ukungu ukatanda kwenye chuma mbele ya uso wake.

Alibaki amebana. Ukungu ukafifia, polepole. Kisha ukatanda tena, mpana zaidi. Mrefu, usiokuwa na haraka. Ulinuka kisibiti.

Apollonia aliweka sindano chini. Baba yake alikuwa hatua kumi kutoka pale, kwenye fuawe, ananyoosha bamba la kifua. Safari hii atasema. Atasema yote, bila kubakiza, hata kama macho yale yatarudi. Alivuta hewa kwa pua, akataka kufungua mdomo.

Haukufunguka.

Meno yalikuwa yamekutana sawasawa, juu na chini. Alisukuma kwa ulimi. Alipeleka kidole gumba chini ya kidevu, mahali ambapo kwenye kofia pangekuwa na komeo, akabonyeza, akabonyeza tena. Kisha akagonga mguu sakafuni, na baba yake akageuka.

"Kuna nini, Loni?" Alimwona ameshika taya, akatabasamu. "Meno tena? Njoo hapa nikugongee."

Apollonia alitikisa kichwa, kwa nguvu, mara nyingi.

Baba yake akacheka, akainua nyundo juu ya fuawe, akagonga. Na nyuma ya meno ya Apollonia, mtu akaanza kulia.